Nani Atamwambia Maurice

Langas, Eldoret
17 Februari 2025

Kwako Baba Sharon,

Pokea salamu zetu za Langas. Sisi hatujambo, na wewe na Mama Sharon natumai mko sawa huko Mombasa na joto lenu. Huku mvua bado, vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria. Tyson wangu amekuwa mtu wa boda boda. Pikipiki ni ya mtu mwingine lakini maringo ni yake yote. Macho yangu yamezidi. Daktari anasema ni mtoto wa jicho: la kushoto limefunga kabisa, na la kulia linaona watu kama nguo zilizoanikwa. Sukuma wiki bado nauza, wateja wanajichagulia wenyewe na Mungu anawaona.

Nakuandikia kwa posta kwa sababu umenifungia simu. Nilipiga siku ya nne baada ya kumzika mama, ikalia mara moja ikakatika. Nikapiga na ya Tyson, ukashika, ukasikia ni mimi, ukaifungia na hiyo. Haya. Sanduku la posta la ofisi yenu nalijua, na barua ikifika mezani kwa karani mkuu lazima ifunguliwe.

Anayeniandikia ni Chebet. Ni wa kile kituo cha hapa mtaani kinachosaidia watu wenye ulemavu wa akili wakiwa kwao nyumbani, katikati ya watu wao. Mama ndiye aliyempeleka ndugu yetu Walubengo huko miaka mitatu iliyopita, nawe ukacheka kwenye simu ukasema wanafundisha ng'ombe kusoma. Chebet ameliandika hilo pia. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipake sukari.

Neno lenyewe ni hili. Chifu anasema, kwa kuwa mama hayupo, mtoto mkubwa atie sahihi kwamba familia imekubali Walubengo abaki kwenye nyumba ya mama, kituo kikimtembelea na mimi nikiwa mlango wa pili. Ni ukurasa mmoja tu, uko humu ndani. Tia sahihi uurudishe, na hutanisikia tena mpaka harusi ya Sharon.

Kitu kingine. Kila saa kumi Walubengo anapotoka kazini dukani kwa Ismail anapika chai, anamimina vikombe viwili, halafu anakaa mlangoni akiangalia barabara. Anangoja mama arudi safari. Aliyemwambia mama yuko safari tunamjua mimi na wewe, na kwa nini hakuwa kwenye mazishi tunajua pia. Tusiongee hayo leo. Chebet anasema lazima aambiwe ukweli, na mimi nimeshindwa kumjibu.

Msalimie Sharon. Mwambie shangazi yake bado yuko hai.

Dada yako,
Nabalayo


Mombasa
24 Machi 2025

Dada Nabalayo,

Barua yako niliipokea tarehe 3 mwezi huu. Hatujambo. Presha yangu inapanda na kushuka. Mama Sharon amechaguliwa kuongoza kwaya. Sharon amechumbiwa na kijana wa maana, mhandisi, wa familia kubwa ya wakulima wa Moiben. Wazazi wake watakuja kututembelea rasmi mwezi wa Desemba. Hilo ndilo jambo ambalo familia hii inapaswa kushughulikia mwaka huu.

Kuhusu Walubengo: karatasi sikutia sahihi. Nimeirudisha ilivyokuja.

Nimepata makao yanayochukua watu wa aina yake. Yako mbali na mji, yana ukuta na mlinzi. Wanalala thelathini katika chumba kimoja, wanapewa chakula kwa saa, hawatoki nje. Hicho ndicho kinachomfaa. Mtu mwenye akili ya mtoto wa miaka minne hahitaji nyumba, wala kazi, wala majirani. Tusidanganyane. Ukimtoa Langas ukamweka Lodwar, kesho yake atakuwa amesahau kama aliwahi kuwa kwingine.

Na sasa niseme jambo ambalo wote mnalijua ila mnaliogopa. Mama amekufa akiwa na miaka sitini na minane. Nyanya yetu alifika tisini. Ni Walubengo aliyemmaliza. Kumvisha, kumsafisha, kumkimbiza barabarani miaka thelathini na mitatu, ni moyo gani ungehimili? Alimuua polepole, na sasa mnataka nimpe nyumba kama zawadi.

Barua za familia si mahali pa mgeni. Ikiwa huyo Chebet ndiye anayekusomea hii, vema, asikie pia.

Maurice


Langas, Eldoret
21 Aprili 2025

Kwako Baba Sharon,

Salamu nyingi. Mvua imeanza, na matope ya Langas unayajua. Tyson aliteleza na abiria karibu na soko, goti limevimba lakini mdomo uko salama. Hongera kwa Sharon. Nimefurahi kwa moyo wote, maana huyo mtoto nilimbeba mgongoni.

Barua yako ilisomwa. Ilisomwa yote, kutoka mwanzo mpaka jina lako. Nakuomba uangalie unavyoandika. Siwezi kusema zaidi ya hapo, ila wiki hiyo Walubengo hakula vizuri.

Unasema ana akili ya miaka minne. Wewe ulimwona mara ya mwisho lini, ukakaa naye hata dakika kumi? Ngoja nikueleze jinsi alivyojifunza kwenda kazini. Wiki ya kwanza Chebet alimshika mkono kutoka mlangoni mpaka dukani kwa Ismail. Wiki ya pili akatembea kando yake. Ya tatu akawa hatua kumi nyuma. Ya nne akawa upande wa pili wa barabara. Kisha akaanza kujificha kwenye kibanda cha Otiende, fundi wa viatu, akimchungulia. Siku moja Walubengo akasimama mbele ya kibanda akasema, "Chebet, toka huko, utachelewa kazi." Hiyo ndiyo akili ya miaka minne.

Kuna watu watano wamekubali kuwa mduara wake. Ndivyo kituo kinavyofanya: majirani wenyewe wanakaa naye kila mwezi, wanamuuliza anataka nini, wanagawana kumwangalia. Ismail ni mmoja, na mkewe Halima, na Otiende, na mimi, na Chebet. Ismail amempa kazi ya kupanga kreti za maziwa na mkate. Halima ndiye anamgombeza asipooga. Watu ambao hata dini si moja na sisi, Maurice. Wewe ulitoka tumbo moja naye.

Tumeanza kumwambia habari za mama. Chebet alitukataza kusema amelala au ametangulia. Sema amekufa, basi. Na akiuliza tena, jibu vilevile, kwa sauti ileile, usichoke, usimlaumu. Akasema tumwambie pia kwamba si yeye aliyemuua mama, ni moyo wa mama uliougua. Sikuelewa mwanzoni kwa nini hilo lilihitajika. Sasa naelewa. Tulimpeleka nyumbani Kimilili, akaona kaburi karibu na la baba, akaweka mkono kwenye udongo akakaa hapo mpaka jua likatuchoma. Kesho yake akauliza, "Mama yuko wapi?" Tukamjibu. Nimehesabu mara arobaini na moja. Mara ya arobaini na mbili hakuuliza, na kikombe cha pili hakukitoa.

Tena kuna mama mmoja wa Moiben huja kununua vitu kwa Ismail. Alimuuliza jina, kwa uzuri tu. Ndugu yako akasimama wima akasema, "Mimi Walubengo. Maurice wa Mombasa ni kaka yangu. Sharon ni mtoto wetu." Yule mama akashangaa. Akasema ameambiwa Baba Sharon ana dada mmoja pekee. Nikakumbuka programu ya mazishi uliyochapisha wewe: mama ameacha watoto wawili. Nilidhani ni makosa ya mpiga chapa.

Kumbe si faida yake unayotafuta. Ni Desemba.

Karatasi nimeiweka tena humu.

Nabalayo


Mombasa
30 Mei 2025

Nabalayo,

Hatujambo, ingawa si kwa msaada wako. Sharon amelia siku mbili. Wakwe wamepiga simu kuuliza. Nimewaambia huyo ni mtu ambaye mama alimlea kwa huruma, si wa damu yetu. Wameamini. Nakuomba usiniharibie tena.

Umeandika kurasa nne za mafunzo ya kuvuka barabara kama mtu anayesifu mtoto aliyefaulu mtihani wa taifa. Panga kreti, chukua kreti. Hata punda wa mkokoteni anajua njia ya kurudi nyumbani, na sijaona anaundiwa mduara. Hao majirani wako wanafanya hivyo ili wasifiwe. Siku atakapougua na kujichafua, utaona mduara utakavyokuwa mstari, tena wa kukimbia.

Lakini kilichonichosha zaidi ni hiyo sauti yako ya utakatifu. "Aliyemwambia mama yuko safari tunamjua." Ndiyo, tunamjua. Mimi nilisema asije Kimilili, kwa sababu kulikuwa na maaskofu na watu wa ofisi yangu. Sikuondoka Mombasa kumfungia mlango. Mlango ulifungwa na wewe. Wewe ndiye uliyemwambia mama amesafiri. Wewe ndiye uliyezungusha kufuli, ukaweka ufunguo kwenye pochi yako, ukapanda basi la msiba ukiwa umevaa leso nyeusi, ukaimba. Ulipigiwa simu na jirani, ukanieleza mwenyewe makaburini kwamba alipiga mlango mpaka kidole kikavunjika, na kwamba ulimsikia kutoka barabarani ukaendelea kutembea. Halafu ukaniuliza kama chakula kitatosha wageni.

Basi usinifundishe mimi habari ya tumbo moja. Tofauti yetu ni kwamba mimi nasema wazi kuwa simtaki.

Usinitumie tena hiyo karatasi.

Maurice


Langas, Eldoret
7 Julai 2025

Maurice,

Salamu. Tumebaki wazima. Baridi ya Julai imekuja na ukungu wake, na Tyson anakohoa. Jicho langu la kulia wameahidi kulipasua mwezi wa Septemba.

Sasa nitakuambia jambo ambalo ningepaswa kukuambia tangu mwanzo. Kituo kina sheria moja ambayo mama mwenyewe aliikubali: hakuna kumzungumzia mtu bila yeye kuwepo. Mkutano unaomhusu, anakaa ndani. Ripoti inayomhusu, anasomewa. Barua inayomhusu, inasomwa akiwa ameketi hapo. Kwa hiyo kila ulichoandika, Walubengo amekisikia kwa masikio yake. Chebet anasoma polepole, na neno gumu analieleza.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka ujiandikie mwenyewe shimo. Nilidhani siku utakapojua, utaona haya mpaka utie sahihi. Hilo ni langu na nalikiri. Nilimtumia ndugu yangu kama chambo.

Alisikia kwamba alimuua mama. Jioni hiyo alimwendea Ismail dukani akamuuliza, "Nilimuua na nini?" Ismail hakuelewa. Walubengo akaonyesha mikono yake miwili, akaigeuza. Ismail alifunga duka mapema. Ndiyo maana niliandika kwamba hakula. Tulimwambia mara nyingi ni moyo wake, ni moyo wake, na sijui kama imetosha.

Na ile ya pili, ya ufunguo. Chebet alifika hapo akanitazama. Nikamwambia ruka. Akasema haruki. Walubengo alikuwa kwenye kiti kile cha mama, amevua viatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaangalia kidole chake, kile ambacho hakikunyooka vizuri, akaniangalia mimi, akavaa viatu kimoja kimoja, akatoka. Alikaa kwa Halima siku tisa. Nilimpelekea chakula, akakipokea kutoka kwa Halima, kutoka kwangu hapana. Siku ya kumi alirudi, akachukua kufuli la mlango wa mama na funguo zake zote mbili, akaenda kuvitupa chooni. Hajanigombeza. Ningependa angenigombeza.

Ndiyo, nilimfungia. Ndiyo, nilimsikia. Nilikuogopa wewe na maaskofu wako, na nilichoka, na siku hiyo nilitaka kumlilia mama bila mtu kunivuta nguo akiuliza tunakwenda wapi. Nimemwomba msamaha. Wewe sikuombi kitu.

Karatasi haitakuja tena. Mduara ulikaa na chifu, na kwa kuwa mtoto mkubwa amekataa, chifu ameamua atamuuliza mwenyewe. Ni Jumanne, tarehe 14 Oktoba, ofisini kwake. Atamwambia chagua: kubaki Langas au kwenda kwenye yale makao ya kaka yako. Atakachosema Walubengo ndicho kitakachoandikwa. Unaweza kuja. Na sasa unajua, ukiandika, nani anasikia.

Nabalayo


Mombasa
22 Septemba 2025

Kwa mdogo wangu mpendwa Walubengo, kwa mkono wa Chebet,

Hujambo? Mimi kaka yako Maurice sijambo. Mama Sharon anakusalimu, na Sharon pia anakusalimu sana.

Nimekuandikia habari njema. Wale watu wa Langas wamekudanganya. Mama hajafa. Mama yuko kule kwenye nyumba kubwa niliyokutafutia. Anapika chapati na maharagwe kama ulivyozoea. Kila siku anauliza, Walubengo wangu atakuja lini? Amekutandikia kitanda karibu na chake.

Siku ya tarehe 14 gari litakuja kukuchukua. Chifu atakuuliza kama unataka kwenda. Wewe sema neno moja tu, ndiyo. Ukisema hapana, mama atalia, na gari halitarudi tena.

Usimsikilize Nabalayo. Yeye ndiye aliyekufungia mlango. Mimi sikuwahi kukufungia.

Kaka yako anayekupenda,
Maurice


Langas, Eldoret
20 Oktoba 2025

Maurice,

Salamu, kwa kuwa mama alitufunza kusalimu hata mtu asiyestahili. Mahindi mapya ya mashamba ya kule Ziwa yameanza kuingia mjini. Tyson amepona kikohozi. Jicho la kulia limepasuliwa na linaona, kwa hiyo hii naandika kwa mkono wangu. Walubengo ameketi hapa mbele yangu na kila mstari nikiumaliza namsomea.

Bahasha yako ilifika tarehe 6. Jina lake lilikuwa juu, mara ya kwanza katika maisha yake kupokea barua. Aliibeba siku nzima ndani ya shati bila kuifungua, akiwaonyesha wateja. Jioni Chebet akaifungua, akaisoma kimya kwanza, na nikaona rangi yake inabadilika. Akanipa. Nilipomaliza nilimshika mkono nikamwambia tuichome. Nilimwambia, huyu tumemzika mama naye kwa wiki nyingi, mara arobaini na moja, na mtu huyu anataka kumfukua kwa karatasi moja. Chebet alikuwa analia, lakini akasema, "Mama Tyson, jina lililo hapo juu si lako. Siku nikianza kumchagulia barua za kusikia, nitamchagulia kila kitu." Akamwambia Walubengo kwamba barua ina maneno ambayo yeye Chebet anaona si ya kweli. Asome? Akasema, "Soma yote."

Akasomewa. Akaomba isomwe tena. Halafu akaikunja na kwenda kulala. Siku ya tatu nikamkuta anakunja mashati yake akiyapanga kwenye begi la mama. Nilikaa chini pale mlangoni. Nikajua umeshinda. Maurice, nilikulaani, na nilitaja watoto wako katika laana hiyo, na baadaye nikaomba Mungu amtoe Sharon ndani yake.

Tarehe 14 hukuja. Ulituma gari la yale makao likiwa na dereva na mwanamume mmoja mnene aliyeshika kamba. Kamba, Maurice. Walisimama nje ya ofisi ya chifu tangu saa tatu. Ndani tulikuwa mduara wote, Ismail na Halima, Otiende, Chebet na mimi. Walubengo alikuja na begi. Halima alipoliona alifunika uso kwa shela.

Chifu ni mtu wa haki. Alimwita kwa jina, akamwuliza polepole, "Walubengo, ndugu yako ameandika kwamba mama yako anakungoja huko. Unataka kwenda, ama unataka kubaki hapa?"

Akasimama. "Mama hawezi kuningoja. Mama amekufa. Yuko Kimilili. Mimi niliweka mkono."

Chifu akauliza, "Kwa hiyo unabaki?"

"Nabaki. Lakini kwanza niende Mombasa."

"Kufanya nini Mombasa?"

"Maurice hajui." Alituangalia mmoja mmoja kama watu waliosahau kazi yao. "Hajui mama amekufa. Ameandika anapika chapati. Ameandika ametandika kitanda. Bado anamngoja, kama mimi nilikuwa nangoja. Hakuna mtu alimwambia. Nani atamwambia Maurice?"

Otiende, ambaye huwa na utani kwa kila kitu, aliangalia viatu vyake. Ismail alitoka nje. Mimi nikasema, "Walubengo, Maurice anajua. Maurice ndiye aliyemzika." Akanigeukia, na hakuwa na hasira. Akasema, "Na wewe ulisema safari."

 

Yale mashati yalikuwa ya kuja kwako. Alikuwa ameshamuuliza Tyson basi la Mombasa linaondokea wapi. Alitaka akuambie mwenyewe, ana kwa ana, mkiwa mmekaa, kwa sababu ndivyo yeye alivyoambiwa. Chebet alimweleza kwa muda mrefu kwamba ni mbali na kwamba barua pia inaweza. Alikubali kwa shida. Chifu akaandika kwamba anabaki, akagonga muhuri, na Walubengo akachora ile W yake aliyofundishwa kituoni. Gari lako likarudi na kamba yake.

Nilitaka kumwambia kaka yake ni mtu wa namna gani. Nilikuwa na maneno tayari. Chebet akaniuliza, "Utamwambia ili ajue, ama ili uwe na mwenzako wa kumchukia?" Kwa hiyo hajui. Anaamini wewe ni mtu uliyefiwa na hukuambiwa. Katika dunia nzima amebaki yeye peke yake anayekuwazia hivyo, na mimi nimeamua kumwachia. Desemba waambie wakwe unachotaka. Hatutakuja.

Ukurasa wa pili ni wake. Alisema, Chebet akaandika neno kwa neno. Usiusome ofisini.

Nabalayo


Maurice,

Ni mimi Walubengo. Kaa chini kwanza. Mama Sharon akiwa hapo akae na wewe.

Mama amekufa. Hajasafiri. Hajalala. Hapiki. Amekufa na hatarudi.

Si wewe ulimuua. Ni moyo wake uliugua. Chebet alisema, na daktari alisema.

Yuko Kimilili karibu na baba. Nyasi zimeanza kuota. Ukitaka nitakupeleka, mimi najua njia.

Unaweza kulia. Hakuna mtu atakugombeza.

Kesho utauliza tena mama yuko wapi. Uliza tu. Mimi niliuliza siku nyingi. Nitakujibu vilevile kila siku mpaka usiulize.

Walubengo